Mtamba wa Mnadani

Malimi alimnunua yule mtamba kwa sababu alikuwa mzuri. Baadaye, alipoulizwa, hakuwa na sababu nyingine ya kutoa. Alikuwa mweupe, madoa ya kijivu mabegani, mgongo umenyooka, na mimba yake ilionekana kwa yeyote anayejua ng'ombe. Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Biashara ya mifugo ilikuwa imefunguliwa, minadani kumejaa watu wa kila upande, na hakuna tena aliyemwuliza muuzaji katoka wapi wala mnyama wake kaogeshwa katika josho lipi. Majosho yenyewe mengi yalikuwa yamekauka na kuota nyasi. Mlikubaliana bei, mkapeana mikono, ukashika kamba yako ukaenda.

Aliishi nyuma ya Igoma, mahali ambapo nyumba za bati za mji zilikuwa zimeanza kuyasogelea majaruba ya mpunga. Zizini alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na huyu mweupe akawa wa kumi na mbili. Aliyekuwa akiwakamua ni dada yake, Mbuke.

Mbuke alimzidi Malimi miaka minane. Mumewe alipofariki alirudi kwa mdogo wake na sufuria mbili na godoro, kwa kuwa mtoto wake pekee alikuwa binti, Wilhelmina, aliyeolewa Sengerema, na kwao mama hakai kwa mkwe wake. Miaka kumi na mitatu alikaa pale. Mke wa Malimi alipokufa, Mbuke ndiye aliyemlea Nkwabi, mtoto wao wa pekee, mpaka akaoa. Na Nkwabi alipomleta Evelina kutoka Nansio, msichana wa visiwani aliyezoea samaki na asiyethubutu kumsogelea hata ndama, Mbuke ndiye aliyemshika mkono akampeleka zizini, akamwonyesha jinsi ya kukaa ubavuni mwa ng'ombe bila kumshtua.

Kila asubuhi Nkwabi alifunga dumu la maziwa kwenye baiskeli akalipeleka hotelini Igoma. Yaliyobaki waliyanywa wenyewe, ya moto kutoka kwenye kiwele, au wakayaacha kibuyuni yagande. Hawakuyachemsha. Malimi alikuwa akisema maziwa yaliyochemshwa ni chakula cha wagonjwa.

Mtamba mweupe alikaa wiki tatu tu kabla ya kutupa mimba. Malimi alimkuta alfajiri amesimama kichwa chini, na nyuma yake, katika samadi, kitu kidogo kisicho na manyoya. Kondo lilikuwa limekwama. Malimi alikunja mikono ya shati akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akalivuta kidogo kidogo mpaka likatoka. Akavitupa vyote nje ya uzio, na mbwa wakavigombania.

Mbuke alikuwa amesimama na ndoo yake, anatazama.

"Huyu umemtoa wapi hasa?" aliuliza.

"Mnadani, si unajua."

"Mnadani wauzaji ni wengi, Malimi. Ulimnunua kwa nani?"

Malimi hakujua. Alikumbuka tu mtu mwenye koti la mvua, mchangamfu, aliyekuwa na haraka. Ilimuuma kwamba yeye, aliyekuwa akiitwa na majirani kuwachagulia ng'ombe, ameuziwa mgonjwa mchana kweupe.

"Usiseme nje," alimwambia dada yake. "Watanicheka."

"Sitasema," alisema Mbuke. Akachuchumaa akaanza kukamua.

Mvua za vuli zilipoanza, ng'ombe wa pili alitupa. Kabla ya Krismasi akafuata wa tatu, na mwezi wa kwanza wa nne, yule jike mweusi ambaye hajawahi kukosa kuzaa. Wakati huohuo Malimi mwenyewe alianza kuugua. Homa ilimjia alasiri, ikamlowesha jasho usiku, asubuhi ikamwacha. Ikapotea siku kumi, ikarudi. Magoti yakawa mazito, kiuno kikauma hata akiwa amekaa. Alimeza dawa za malaria mara tatu, akapata nafuu ya kudanganya, akalala tena.

Mwezi wa pili Evelina alipoteza mimba. Ilikuwa ya miezi mitano. Mbuke alikaa naye siku mbili mfululizo ndani ya chumba, akimwosha, akimlisha uji, akimnywesha maziwa ili damu irudi. Nkwabi alikaa nje juu ya kinu kilichoinamishwa na hakwenda Igoma. Ilikuwa mara ya kwanza Malimi kumwona mwanawe analia tangu alipokuwa mdogo, na hakujua aangalie wapi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani yao Shimba, mtu mwenye sauti kubwa na mifugo mingi, alimjia Malimi akiwa kitandani.

"Ng'ombe watatu na mkamwana," alisema, kwa kuwa habari za yule wa kwanza hakuzijua. "Hiyo si bahati mbaya, Malimi. Kuna mkono."

"Mkono wa nani?"

"Twende tukaulize."

Malimi hakwenda. Alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Lakini hakumkataza Shimba asiende. Shimba alifika kwa mganga ng'ambo ya bonde, akarudi na jibu ambalo hakulificha. Siku ya tatu wanaume saba walikuja wakakaa uani kwa Malimi, wengine kwenye viti, wengine chini. Malimi alitolewa nje akawekwa kwenye mkeka, amejifunika. Nkwabi alisimama mlangoni. Mbuke alikuwa jikoni anapuliza moto wa samadi.

"Mganga hakutaja jina," alisema Shimba. "Ameuliza tu. Ni nani anayegusa viwele vya ng'ombe hawa kila siku? Ni nani aliyempa mkamwana maziwa kwa mkono wake?"

Mbuke alitoka jikoni, akijifuta macho kwa kona ya kanga. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyokuwa mekundu kwa miaka mingi, macho ya mwanamke aliyezeeka mbele ya moshi. Wanaume walimtazama usoni, kisha wakatazamana. Kila mtu pale alijua mambo ya namna ile huishia wapi. Mwaka uliopita, vijiji viwili kutoka pale, bibi mmoja alikutwa mlangoni kwake amekatwa mapanga, na mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa.

Mbuke naye alijua. Alisimama katikati ya uwanja, mikono imelegea.

"Malimi," alisema kwa upole, kama anayemwamsha mtu. "Waambie ni ng'ombe gani aliyeanza kutupa."

Malimi alisikia vizuri. Homa haikuwa imemchukua akili. Alikuwa na maneno manne tu ya kusema, ni yule wa mnadani, na wanaume wale wangeanza kuhesabu upya. Lakini aliwaona Shimba na wenzake wakisubiri, akajiona anavyoonekana, mtu aliyeuziwa mgonjwa akamficha, na ulimi ukawa mzito. Tena, kwa kweli, ndani yake kulikuwa na sehemu ndogo iliyokuwa imeanza kujiuliza kama huenda Shimba anasema kweli.

"Sikumbuki," alisema, macho yakiwa kwenye mkeka.

Mbuke alimtazama kwa muda. Angeweza kusema mwenyewe. Alirudi jikoni, akaendelea na moto wake.

Kesho yake aliamka kama kawaida, akakamua ng'ombe wote waliokuwa na maziwa, akafunika ndoo kwa sahani. Kisha akafunga nguo zake katika kanga. Evelina, ambaye hata kutembea kulimpa tabu bado, alimsindikiza mpaka barabarani akilia. Mbuke alikwenda mjini, akapanda kivuko cha Kamanga, akavuka kwenda Sengerema, kwa mkwe wake, mahali ambapo katika maisha yake yote alikuwa hajalala hata siku moja.

Malimi hakutoka kumuaga. Alikuwa macho, anasikia kila kitu kupitia ukutani.

Baada ya Mbuke kuondoka, watu walitarajia mambo yatatulia. Wiki ya pili ng'ombe wa tano alitupa. Homa ya Malimi ilirudi vilevile, siku zilezile. Nkwabi naye akaanza kulalamika mgongo. Shimba alisema uchawi mkubwa huchukua muda kutoka.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu alijikokota mpaka Igoma kutafuta dawa ya ng'ombe. Kulikuwa na duka dogo la dawa za mifugo la Okeyo, mtu wa Mara, ambaye zamani alikuwa bwana mifugo wa serikali mpaka walipopunguzwa kazi. Sasa aliuza sindano, dawa za minyoo na za kupe, na ushauri aliutoa bure kama alivyokuwa akiutoa alipokuwa na mshahara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka sindano ya ng'ombe anayetupa."

Okeyo aliweka chini kalamu. "Ametupa mmoja?"

"Watano."

"Kaa, mzee." Alimsogezea kiti. Alimwangalia jinsi alivyokaa, akishika meza kwanza, kisha kiuno. "Na wewe unaumwa nini?"

Malimi alimweleza. Okeyo aliuliza mengine, moja moja, bila haraka. Homa inakuja saa ngapi? Jasho? Maziwa mnachemsha? Kondo linapokwama nani analitoa, na kwa mikono mitupu? Mnalitupa wapi? Ndani ya nyumba kuna mwanamke aliyeharibikiwa mimba? Malimi alijibu yote, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyoona baridi ikimpanda, ingawa ilikuwa adhuhuri na bati la duka linachoma.

Siku mbili baadaye Okeyo alifika nyumbani na sanduku la vichupa, akatoa damu kwa kila ng'ombe, akaipeleka mwenyewe kwenye maabara ya mifugo mjini. Malimi, mwanawe na mkamwana aliwaandikia barua ya kwenda nayo hospitali. Majibu yote yalipatikana ndani ya wiki tatu. Ng'ombe sita kati ya kumi na wawili walikuwa na ugonjwa, na mweupe alikuwa mmojawapo. Malimi alikuwa nao. Nkwabi na Evelina walikuwa nao.

"Unaitwa brusela," alisema Okeyo. Walikuwa wamekaa kwenye gogo karibu na zizi. "Ng'ombe akitupa, ugonjwa umejaa kwenye ndama na kwenye kondo. Wenzake wanaramba, wananusa, wanaupata. Unakaa kwenye maziwa. Mtu akiyanywa mabichi anaupata. Akishika kondo kwa mikono mitupu anaupata."

"Mtu anaweza kuuleta?" aliuliza Malimi. "Kwa mkono wake? Kwa ubaya?"

Okeyo alielewa anachoulizwa. Habari za Mbuke zilikuwa zimefika mpaka Igoma. "Huu unaingia zizini na mnyama, mzee. Huwa hauna njia nyingine. Nani alianza kutupa?"

Kwa mara ya pili Malimi alikuwa anaulizwa swali lilelile. Alinyoosha kidole. Mweupe alikuwa amesimama kivulini anacheua, mzuri kama siku ya kwanza.

"Yule. Nilimnunua mwezi wa kumi. Alitupa kabla ya wote na nilimficha."

Okeyo alitikisa kichwa taratibu. Kisha akasema, "Na anayekamua, yule mama, naye apimwe. Miaka yote hiyo mikono yake ndiyo iliyokuwa karibu kuliko ya mtu yeyote. Alikuwa na maumivu?"

Malimi alimkumbuka Mbuke, miezi ile ya mwisho, akitoka zizini na ndoo, akisimama nusu ya njia, akiishika nyonga mpaka maumivu yapite. Alidhani ni uzee. Hata kumwuliza hakumwuliza.

Dawa zao zilikuwa za wiki sita, vidonge na sindano, na Okeyo aliwaonya wasikatishe hata wakijisikia wamepona. Maziwa yachemshwe mpaka yafoke. Kondo lizikwe shimo refu, mbali na mbwa. Na ng'ombe wale sita watengwe, wasiuzwe kwa mfugaji mwingine.

Hapo ndipo Nkwabi alipokasirika. Sita walikuwa nusu ya zizi.

"Baba, tuwapeleke mnadani," alisema Nkwabi baada ya Okeyo kuondoka. "Si na sisi tuliuziwa hukohuko? Hakuna anayeuliza kitu."

"Ndiyo. Hakuna anayeuliza."

"Basi?"

"Basi mtu atampeleka mweupe nyumbani kwake, naye ana mkamwana."

Evelina alikuwa amekaa karibu, anapepeta mchele, na ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

Wakawapeleka machinjioni, wote sita, Okeyo akiongozana nao ili amweleze mkaguzi wa nyama, naye awaone. Bei ilikuwa ya nyama tu, tena nyama ya ng'ombe waliokonda. Malimi mwenyewe alishika kamba ya mweupe. Jike mweusi alikuwa wa mwisho, na Malimi hakubaki kumtazama. Kutoka hapo alipitia hotelini walikopeleka maziwa, akamwambia mwenye hoteli ukweli: kama aliwapa watu maziwa yale bila kuyachemsha, awaambie waende wakapimwe. Mwenye hoteli alimfukuza kwa matusi mbele ya wateja, na Malimi alisimama akayasikiliza mpaka yakaisha.

Kisha akawaita wanaume wale saba. Hakukaa kwenye mkeka safari hii. Alisimama pale aliposimama Mbuke.

"Dada yangu aliniuliza mbele yenu ng'ombe gani alianza," alisema. "Nilisema sikumbuki. Nilidanganya. Alianza yule mweupe wa mnadani. Alitupa zizini kwangu, nikalivuta kondo kwa mikono hii, nikawapa mbwa, nikamwambia dada yangu asiseme. Hakusema. Hata siku mlipokaa hapa mkimtazama macho, hakusema, kwa sababu nilimwomba."

Shimba alikohoa. "Lakini mganga…"

"Mganga hakuambiwa habari za mtamba. Ungeambiwa wewe, ungemwambia." Akamgeukia. "Hapa hapakuwa na mchawi, Shimba. Palikuwa na ng'ombe mgonjwa na mwanamume mwoga."

Wengine walimwamini. Wawili walikwenda wiki hiyohiyo kwa Okeyo kuomba wanyama wao wapimwe. Shimba aliondoka bila kuaga, na kuna nyumba ambazo mpaka mwisho ziliendelea kusema kwamba kikongwe alipokwenda ndipo mambo yakatulia. Malimi alijua hana uwezo wa kuyafuta maneno yale nyumba kwa nyumba.

Alivuka kwenda Sengerema mwezi wa sita, alipomaliza dawa. Wilhelmina alimpokea mlangoni na salamu ya mjomba, goti chini kama inavyotakiwa, lakini hakumtazama usoni. Mbuke alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anachambua maharage. Alikuwa amekonda. Kibanda alichopewa kulalia kilikuwa nyuma, mbali na nyumba ya mkwe, kimeezekwa upya.

Malimi alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amepanga maneno tangu kwenye kivuko, na yote yalipotea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepona?"

"Nimepona." Akamweleza yote: damu, majibu, machinjio, yale aliyoyasema mbele ya wanaume. Mbuke alisikiliza huku mikono ikiendelea na maharage. Aliposikia jike mweusi amechinjwa mikono ilisimama kidogo.

"Nimekuja kukurudisha nyumbani," alisema Malimi.

"Hapana."

"Dada, nimewaambia. Wanajua."

"Wanajua leo. Mwaka kesho ndama wa Shimba atakufa, watasahau." Alisema bila hasira. "Na wewe nilikuwa nakutazama siku ile, Malimi. Uliniogopa. Kidogo tu, lakini niliona."

Malimi hakukana. Machozi yalimtoka akayaacha.

"Nimekusamehe," alisema Mbuke. "Nisingekusamehe ningekufa na jiwe hapa moyoni. Lakini kulala katika nyumba ile siwezi. Kila mlango ukigongwa nitaamka. Hapa ni aibu, kila siku nakula chakula cha mkwe wangu kwa aibu. Lakini nalala."

Malimi alitoa barua ya Okeyo mfukoni. Alimweleza kuhusu nyonga, kwamba huenda si uzee, kwamba ipo dawa. Mbuke aliigeuza karatasi mikononi. Hakujua kusoma.

Walikwenda hospitali kesho yake, wao wawili. Foleni ilikuwa ndefu, wakapata nafasi mwishoni mwa benchi. Watu waliitwa mmoja mmoja.

"Nani anakamua sasa?" aliuliza Mbuke.

"Mimi."

"Watakuwa wanaumia. Mikono yako mizito."

"Evelina ananifundisha. Anasema ulimfundisha wewe."

Mbuke alikaa akitazama mlango wa daktari. "Mwambie aje anione," alisema. "Yeye aje."

Muuguzi aliita jina lake. Malimi alisimama akampa mkono, naye akaushika, akanyanyuka taratibu mpaka maumivu yakampa nafasi ya kupiga hatua. Mlangoni aliuachia, akaingia peke yake.